Teki Kumi na Nne, Wimbo Mmoja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Narekodi nyimbo nyumbani Langoni, Lamu. Naimba mimi, mjomba anapiga udi, na tunatumia programu ya kurekodi ya Reaper kwenye laptopu. Wimbo mmoja naurudia hata mara kumi na nne, kisha nabaki na mafaili nisiyojua lipi ni lipi. Nikichukua mstari wa teki hii (yaani mara moja ya kuimba) na mstari wa teki ile, kwenye kiungo panalia "tik", au sauti inageuka kama anayeimba ni mtu mwingine. Diski nayo imejaa na naogopa kufuta. Nizipange vipi teki zangu? Tena kuna rafiki ananiambia kuunga teki ni kudanganya watu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nisalimie na mjomba.

Nianze na jambo ambalo hukuliuliza. Teki kumi na nne zimekulemea kwa sababu hakuna hata moja uliyoitolea uamuzi. Umeimba, hukuridhika, hukujua hasa ni nini hakikukuridhisha, ukabonyeza kurekodi tena. Reaper itakupokea hivyo hivyo mpaka alfajiri. Lakini uamuzi ulioukwepa hauendi popote. Sasa unatakiwa uufanye kwa teki zote kwa mpigo, masikio yamechoka, na hukumbuki tena teki ya sita ilikuwa na nini. Ndiyo maana kazi kubwa ya kupanga teki hufanyika kwa kalamu, maiki ikiwa bado imewashwa.

Chukua karatasi. Wewe unaimba mashairi, na shairi limeshakupangia: ubeti una mishororo minne, kila mshororo una ukwapi (nusu ya kwanza) na utao (nusu ya pili), mizani nane huku na nane kule. Wimbo wa beti tano basi una mishororo ishirini. Iandike kwa kushuka, neno la kwanza la kila mshororo linatosha, kisha chora safu moja ya pembeni kwa kila teki. Mjomba ana udi mkononi, kwa hiyo mtafuteni mtu wa tatu anayelijua shairi, ashike kalamu. Mshororo ukikaa vizuri anatia alama ya kujumlisha. Ukiharibika anatia ya kutoa. Akiwa na shaka anapaacha wazi. Asiandike insha. Penye sababu ya nje aandike neno moja tu: punda, boti, kunguru, adhana. Mimi maneno hayo nayathamini kuliko alama zenyewe, maana teki iliyoharibiwa na punda katika ubeti wa tatu huenda ndiyo bora katika beti nyingine zote nne, na bila neno hilo utaitupa nzima kwa kukumbuka tu kwamba "ile ilikuwa mbaya".

Baada ya teki ya tatu, simameni muisome karatasi. Mshororo wowote wenye alama ya kujumlisha, hata kwa teki moja, umeshapatikana. Rudieni ile ambayo haijapata, basi. Kwa wimbo mzima mimi sipendi kuvuka teki tano. Mwimbaji anapofika ya nane au ya tisa huwa haimbi tena shairi, anakwepa makosa, na msikilizaji hulisikia hilo hata kama hawezi kulitaja.

Na ukirudia mshororo mmoja, usianze kuimba pale pale unapoanza. Anza mshororo mmoja nyuma, uingie ukiwa na pumzi na mwendo wako. Kwenye Reaper, weka alama ya muda juu ya mshororo unaoutaka, bofya kitufe cha kurekodi kwa upande wa kulia wa panya, uchague kurekodi ndani ya alama ile tu. Panua alama kidogo kila upande ili upate nyama ya kukatia. Pumzi iliyovutwa kabla ya neno ni mali ya neno lile. Ukiichukua sauti ukaiacha pumzi, kiungo kitajulikana hata kama hakuna "tik".

Sasa kuna jambo hukunieleza, nalo ndilo linaloamua mengi: mnarekodi pamoja chumba kimoja, au udi kwanza na sauti baadaye?

Kama ni pamoja, maiki yako inasikia udi, na maiki ya udi inakusikia wewe. Hapo huwezi kuchukua sauti ya teki ya nne ukaiweka juu ya udi wa teki ya pili. Nyuma ya sauti yako kuna udi mwingine, ulio mbele au nyuma kidogo, na vidole viwili tofauti vitasikika kwenye noti moja. Ukikata, kata traki zote mbili, yaani njia ya sauti ya kila maiki, mahali pamoja, zihame pamoja. Chagua vipande vya traki zote kisha bonyeza G vifungwe kundi moja, usije ukasogeza kimoja ukakisahau kingine. Hata hivyo utakuta teki moja ni ya haraka kuliko nyingine, kwa sababu hampigi na metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, na udi wa watu wetu haupendi kufungwa kwa metronomu. Basi mahali salama pa kukata ni mapengo makubwa tu: mwisho wa ubeti, pale mjomba anapojibu kwa udi kabla hujarudi. Kwa kurekodi namna hii, chagueni ubeti mzima kwa ubeti mzima, wala msijaribu kushuka hadi mshororo.

Kama mnataka uhuru wa kuchagua mshororo, mjomba arekodi kwanza huku wewe ukimwimbia sauti ya kumwongoza kutoka chumba cha pili, au chumbani humo lakini kwa chini na mbali na maiki yake. Chagueni teki moja ya udi, muimalize kabisa, muifunge. Halafu wewe uimbe juu yake ukiwa na hedifoni. Kuanzia hapo teki zako zote zinafuata udi mmoja, na mshororo wa teki yoyote utakaa mahali pake wenyewe. Kuna uhai unaopotea mkiachana hivyo, sikufichi. Taksimu ya mwanzo, ule utangulizi wa udi peke yake, mimi ningeiacha kama ilivyopigwa, teki moja bila kiungo hata kimoja.

Kwenye programu yenyewe mambo ni mepesi kuliko unavyofikiri. Ukirekodi juu ya mahali palipo na sauti tayari, Reaper kwa kawaida haifuti ya zamani. Inaweka mpya juu yake ndani ya kipande kile kile, kama teki ya pili, ya tatu, na kuendelea. Labda wewe unafungua traki mpya kila mara, ndiyo maana umepotea. Bonyeza Ctrl na L uzione zote zimepangwa chini kwa chini. Herufi T inakupeleka teki inayofuata, Shift na T inakurudisha. Ukisimamisha mshale mwisho wa mshororo ukabonyeza S, teki zote zinakatika hapo kwa pamoja, na katika kila mshororo unabofya teki unayoitaka. Toleo la 7, lililotoka mwaka 2023, limeongeza njia ya kuburuta panya juu ya sehemu nzuri ya kila teki, nazo zinajikusanya zenyewe kwenye mstari wa juu. Ni rahisi, lakini ubaya wake ndio huo huo: urahisi hukufanya uchague vipande vingi kuliko vinavyohitajika.

Wanaotumia Audacity hawana hifadhi ya teki ya namna hii. Wabonyeze Shift na R kila teki ipate traki yake, wazinyamazishe nyingine, na wanakili sehemu nzuri kwenye traki moja tupu. Kwenye GarageBand ya Mac, washa mzunguko kabla ya kurekodi. Teki zitaingia kipande kimoja chenye namba kwenye kona, na kubofya namba hiyo ndiko kuchagua.

Unapochagua, usianze kwa kuokota mshororo bora wa kila mahali. Tafuta teki moja ya msingi, ile ambayo ukiisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho unaliamini shairi, hata kama ina makosa mawili matatu. Kisha tia kiraka pale tu palipoharibika. Wimbo wa teki moja na viraka vinne unabaki wimbo wa mtu mmoja aliyesimama mahali pamoja. Wimbo wa mishororo ishirini kutoka teki kumi na nne huwa sahihi kila mahali na hauendi popote: ubeti wa pili umepanda, wa tatu umeanza chini, hasira ya mshororo wa kwanza imekuwa upole katika wa pili. Sikiliza ukiwa umeipa skrini kisogo. Macho hupenda wimbi lililonona, na wimbi lililonona ni sauti kubwa tu.

Tuje kwenye "tik" yako. Sauti ndani ya kompyuta ni wimbi linalopanda na kushuka. Ukikata wimbi moja likiwa juu ukaliunganisha na jingine lililo chini, spika inaruka ghafla kutoka hapa hadi pale, na mruko huo ndio unaousikia. Dawa yake ni krosfedi: sauti moja inafifia huku nyingine ikipanda, kwa muda mfupi mno, milisekunde 5 hadi 20. Vipande viwili vikilaliana kidogo, Reaper hufanya hivyo yenyewe, isipokuwa kama umeizima. Kwa teki mbili tofauti tumia umbo la krosfedi lililobinuka. La mstari ulionyooka huacha sauti ikibonyea katikati.

Lakini krosfedi haiokoi mkato uliopita mahali pabaya, na hapa ndipo ningependa utulie. Chukua mshororo huu nilioutunga sasa hivi kwa mfano:

Kaskazi ikishapita, kusi huleta salamu

Tuseme ukwapi ni mzuri katika teki ya pili, na utao katika teki ya nne. Kata kabla ya k ya "kusi". Ili kuitamka k, ulimi huziba kwanza njia ya hewa, na katika kuziba huko kuna kimya kifupi sana. Kuza picha ya wimbi utaliona pengo lenyewe: mstari umelala, kisha mlipuko mdogo. Kisu kikipita ndani ya pengo hilo hakuna atakayejua. Herufi p, t na ch ni hivyo hivyo. Herufi s na sh hazina kimya, lakini sauti yake ni mvumo mtupu usio na noti, na mvumo hufunika kiungo. Kwa hiyo kabla ya "salamu" pia panakubalika. Ndani ya "salamu" usiguse. L na m hupitisha sauti ya koo bila kukatika kutoka irabu hadi irabu, na noti imo humo humo. Vivyo hivyo maneno yanayoanza kwa mb, nd au ng': puani pameshaanza kuimba kabla midomo haijafunguka.

Mahali pabaya kuliko pote ni pale wengi wanapopapenda, yaani mwisho wa neno lililovutwa. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na mwimbaji wa pwani haiachi irabu hiyo hivi hivi. Ataivuta, ataizungusha, ataishusha. Ukikata katikati ya a ya "ikishapita" unaunga mitetemo miwili ya koo isiyoendana, na hata krosfedi ndefu itakupa watu wawili wanaoimba kwa wakati mmoja. Iache irabu iishe yenyewe. Na kama mnarekodi ndani ya nyumba ya mawe, kuta nene za matumbawe na chokaa hurudisha sauti, kwa hiyo irabu hiyo ina mkia wa mwangwi hata baada ya mdomo kufunga. Acha mkia wa teki ya pili uendelee kidogo chini ya mwanzo wa teki ya nne, usiukate kwa wembe. Godoro lililosimamishwa nyuma yako na mazulia sakafuni vitaufupisha mkia huo, na kazi yako ya kuunga itapungua nusu.

Kuhusu sauti kugeuka kama ya mtu mwingine: karibu kila mara ni umbali. Maiki nyingi za kuimbia huongeza uzito wa sauti ya chini unapoikaribia, kwa hiyo ukisogea kiganja kimoja tu kati ya teki ya pili na ya nne, kifua kimeongezeka au kimepungua, na hakuna kusawazisha kutakakokirudisha sawasawa. Bandika utepe sakafuni mahali pa vidole vya miguu. Ukishaweka kiwango cha sauti kwenye intafesi, kile kisanduku kinachounganisha maiki na laptopu, usikiguse mpaka wimbo uishe. Dirisha lililofungwa lifungwe teki zote. Na usiunge teki ya usiku na ya asubuhi. Koo la asubuhi ni zito, na udi nao ni mbao, unyevu ukibadilika unapanda au unashuka. Tofauti ndogo ya ukubwa inayobaki, ya desibeli moja au mbili, rekebisha kwenye kipande chenyewe kabla sauti haijapita kwenye kikandamizaji, kile kinachoshusha sauti kubwa ili zikaribiane na ndogo, la sivyo kikandamizaji kitakamata mshororo mmoja kwa nguvu na kuuachia mwingine.

Kabla hamjafungasha, rekodini nusu dakika ya chumba kitupu, watu wakiwa wamekaa kimya. Utakapomtoa kunguru katikati ya mishororo, pengo tupu kabisa litasikika kuliko hata kunguru; jaza kwa kimya cha chumba kile kile. Na msipambane na adhana. Lamu misikiti ni mingi na adhana hazianzi kwa pamoja, kwa hiyo subirini hadi ya mwisho iishe. Baada ya Isha ndio wakati wenu, boti zimepungua na punda wengi wamelala, ingawa punda hana ratiba.

Sasa diski. Rekodi ya traki moja ya mono kwa biti 24 na kilohezi 48 inakula takriban megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano ni kama megabaiti 43. Teki kumi na nne ni karibu 600, na kwa maiki mbili unavuka gigabaiti moja. Kwa nyimbo kumi umeshaona. Mkitoka na teki nne na viraka vichache, tatizo linajimaliza lenyewe.

Majina: ipe traki jina kabla hujarekodi, kwa kuwa faili huchukua jina la traki. Kila wimbo uwe na folda yake na mradi wake mmoja. Ukishamaliza wimbo, kipengele cha kuacha teki iliyochaguliwa pekee kinaondoa nyingine ndani ya mradi, lakini mafaili yenyewe bado yamo kwenye diski. Kuyatoa, nenda kwenye menyu ya faili, kipengele cha kusafisha folda ya mradi. Hapo uwe macho: kinaangalia mradi uliofunguliwa tu. Ukiwa umerundika nyimbo tatu ndani ya folda moja, mafaili ya nyimbo nyingine mbili yataonekana kama hayatumiki. Kwa hiyo nakili folda nzima kwenye diski ya nje kwanza, fungua nakala hiyo uisikilize, ndipo usafishe ya kwenye laptopu.

Rafiki yako mjibu hivi: kuunga kulikuwepo tangu enzi za kanda, mafundi walipokata utepe kwa wembe na kuuunganisha kwa utepe wa gundi. Mpiga piano wa Kanada, Glenn Gould, aliacha kupiga mbele ya hadhara mwaka 1964, akajikita studio, na akatetea waziwazi haki ya kuunga. Kipimo changu mimi ni kimoja: je, unaweza kuuimba wimbo huo mbele ya watu ukwapi hadi utao? Kama unaweza, kiraka kwenye rekodi hakimdhulumu mtu. Kuna mahali nisipounga, hata hivyo. Ukimrekodi mzee anayeghani utenzi alioupokea kwa wazee wake, au ukirekodi Maulidi yanayosomwa mbele ya watu, acha kama ilivyo, na kukohoa kwake na kusahau kwake. Hiyo ni kumbukumbu, na atakayeisikiliza baadaye ana haki ya kujua ni nini hasa kilichosomwa.

Kwa rundo ulilo nalo sasa: chagua wimbo mmoja tu, usiwe ule mgumu. Chora karatasi kama nilivyoeleza, sikiliza teki tatu tatu na kupumzika kati yake, utie alama. Kama saa moja ikipita na teki ya msingi haijajitokeza, acha kuchimba na mpange usiku wa kuurekodi upya. Ila mwambie mjomba asifunge nyuzi mpya siku hiyo. Nyuzi mpya za udi huendelea kunyooka na kulegea kwa muda kabla hazijatulia, na noti ya teki ya nne haitakuwa ile ya teki ya kwanza.